Amana ya Shimo Lililofukiwa

Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki lina urefu wa kilomita 1,443, kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga; kilomita 1,147 kati ya hizo zimo Tanzania. Kabla ya kufika baharini linakatiza Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza, katika ukanda wa upana wa mita 30 ambamo miti huondolewa, mtaro huchimbwa, bomba hulazwa na udongo hurudishwa. Dindira iko juu, kwenye milima ya Usambara upande wa Korogwe, penye chai na ukungu, na mtaro huo umepita mbali chini, bondeni. Hata hivyo jambo hili linaihusu. Historia ya milima na historia ya nyika ya Handeni hazijawahi kutengana. Watu, chuma, mifugo na maneno vimepanda na kushuka kwa karne nyingi, na kinachofukuliwa bondeni ni nusu ya habari za mlimani. Sheria zetu za mazingira na za mambo ya kale, pamoja na masharti ya mikopo ya miradi mikubwa, hudai wanaakiolojia watangulie. Hutembea wakikagua ardhi, hufukua palipo na dalili, hupima, huchora, hupiga picha, hutia vigae kwenye mifuko yenye lebo. Kisha tingatinga hupita. Kazi hiyo huitwa uokoaji. Swali ninalotaka kulijadili ni la baada ya tingatinga: yale madaftari, michoro, picha na lebo ni kitu gani? Ni mali ya kampuni iliyolipia? Ni nakala tu ya kitu kingine? Jibu langu ni kwamba ni amana, kwa maana kamili ambayo dini na sheria zimelipa neno hilo, na kwamba mpaka amana hiyo itunzwe mahali ambapo mwenye haki anaweza kuiulizia, uokoaji haujafanyika. Kilichofanyika ni kusafisha njia.

Tuanze na namna kazi yenyewe ilivyo, maana hoja nzima imesimama hapo. Kila uchimbaji wa akiolojia huharibu. Tabaka la udongo likishaondolewa halirudishiki. Mpangilio wa mkaa, mavi ya chuma, mfupa na kigae, kipi kilikuwa juu ya kipi na kwa kina gani, ndio ushahidi wenyewe, na ushahidi huo hutoweka kwa mwiko uleule unaoufunua. Lakini katika uchimbaji wa kawaida hubaki akiba. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, akachapisha juzuu mbili mwaka 1974. Waliokuja baada yake wamezihoji tarehe zake, na wameweza kuzihoji kwa sababu Kilwa bado ipo: sehemu kubwa ya mji haijaguswa, na mwenye shaka anaweza kwenda kuchimba pembeni ya shimo la mwenzake. Mradi wa uokoaji hauna pembeni. Shimo lilichimbwa kwa sababu pembeni nako kunaondoka. Kwa hiyo hadhi ya maandishi hubadilika. Maandishi juu ya kitu kinachosimama ni msaidizi wa kitu hicho. Yakipotea, kitu kitajieleza tena kwa mwingine. Maandishi juu ya kitu kilichokwisha kuondolewa ni shahidi wa mwisho aliyebaki hai, na hakuna hakimu anayemchukulia shahidi wa mwisho kama kiambatisho cha faili.

Aliyesoma chuoni Tanga au Pangani, kwenye mikeka ya madrasa, hana haja ya kufundishwa jambo hili na mtaalamu wa makumbusho. Elimu ya hadithi ilijengwa juu yake. Matini yanaweza kuwa mazuri, yenye hekima, yanayopendeza masikioni, lakini bila isnadi, yaani mlolongo wa waliopokea na kupokezana, hayasimami kuwa hoja. Kigae kizuri cha chungu kisicho na lebo kiko katika hali hiyohiyo: kinapendeza kabatini na hakithibitishi chochote. Na kuna somo la pili katika elimu hiyo ambalo watunza kumbukumbu wa leo wangefaidika nalo. Wanazuoni walipoipima hadithi na kuiona dhaifu, mara nyingi waliiandika pamoja na udhaifu wake na sababu ya udhaifu huo, ili anayekuja apime tena. Daftari la uwandani nalo lihifadhiwe na madoa yake: tarakimu iliyofutwa, alama ya kuuliza pembeni, mchoro uliorudiwa mara mbili. Ripoti iliyopigwa chapa na kufungwa kwa jalada zuri ni hukumu, ilhali daftari ni ushahidi ambao hukumu hiyo ilitokana nao. Miradi mingi hukabidhi hukumu na kuacha ushahidi sandukuni kwa mtu binafsi. Nitoe mfano mmoja mdogo wa kiufundi, kwa sababu mambo makubwa huharibikia katika vitu kama hivi. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zilichorwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, wakati vifaa vya satelaiti vya leo hutumia WGS 84. Tofauti kati ya mifumo hiyo miwili katika nchi yetu ni takriban mita 300. Asiyeandika ametumia mfumo upi amelihamisha eneo lake mara kumi ya upana wa ukanda wa bomba, na mtaro ukisha kufukiwa hakuna atakayeweza kumsahihisha.

Mtu anaweza kusema vitu vyenyewe vimeokolewa, viko makumbusho, basi karatasi za nini? Jibu liko Nubia, kati ya Misri na Sudan. Bwawa kuu la Aswan lilipoanza kujengwa, UNESCO iliendesha kampeni ya uokoaji kuanzia 1960 hadi 1980, mama wa miradi yote ya aina hii. Huko Faras, Sudan, timu ya Kazimierz Michałowski kutoka Poland ilifukua kanisa kuu lililojaa michoro ya ukutani ya Wakristo wa Nubia. Ndani ya misimu michache, kati ya 1961 na 1964, walibandua michoro zaidi ya 100. Mingine ikaenda Warsaw, mingine Khartoum, na maji yakaifunika Faras. Dunia ikapiga makofi. Aprili 2023 vita vilianza Khartoum, na Makumbusho ya Taifa ya Sudan yakajikuta katikati ya mapigano, baadaye yakaporwa. Kile kilichookolewa na maji hakikuwa salama mikononi mwa watu. Leo anayetaka kujua ukuta gani ulibeba mchoro gani, rangi ipi ilikuwa juu ya rangi ipi, nani alichorwa kabla ya nani, anategemea michoro ya vipimo na picha zilizopigwa kabla ukuta haujaguswa. Kazi ya wachoraji na wapiga picha wa miaka ile, ambayo wengi waliiona ya kiofisi tu, sasa inabeba mzigo ambao jiwe na chokaa vimeshindwa kuubeba. Nubia inatufundisha jambo jingine pia, la aibu kidogo: watu waliohamishwa, makumi ya maelfu katika Misri na Sudan, hawakupewa madaftari yale. Walipewa nyumba za serikali mbali na mto, na mawe ya mababu zao yakapewa dunia.

Huku kwetu upotevu wa namna hii ulianza mapema zaidi na kimyakimya. Reli ya Usambara ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ulitandazwa bondeni kwa maelfu ya ekari. Hapakuwa na sheria ya kulinda magofu na masalia kabla ya 1937. Kilichofukuliwa na jembe la reli na la mkonge hakikuandikwa na yeyote, na hatuna hata orodha ya tulichopoteza. Katika miaka ya 1960 Robert Soper, akifanya kazi na taasisi ya Waingereza ya akiolojia yenye makao Nairobi, alikagua maeneo ya Enzi ya Chuma kaskazini mashariki mwa Tanzania na kuchapisha matokeo yake mwaka 1967. Vyungu alivyovielezea, vya mtindo unaoitwa Kwale kwa jina la eneo lililoko Kenya, vinarudi nyuma hadi karne za kwanza baada ya Kristo. Peter Schmidt alichapisha mwaka 1988 habari za viwanda vya chuma vya enzi hiyohiyo katika Usambara. Jonathan Walz, katika tasnifu aliyoiwasilisha University of Florida mwaka 2010, alilichunguza bonde la chini la Pangani kama njia inayounganisha pwani na bara muda mrefu kabla ya misafara ya karne ya 19. Hao wote walifanya utafiti wa taratibu, si wa kukimbizana na tingatinga, na ndiyo maana tunajua jambo lolote. Lakini tazama maneno Nairobi na Florida katika sentensi hizo. Habari za chuma cha Usambara zinapatikana kwa urahisi zaidi kwa mwanafunzi wa Gainesville, mji wa chuo hicho cha Florida, kuliko kwa mwanafunzi wa Bungu au Dindira, na zinapatikana kwa Kiingereza.

Hoja kwamba kumbukumbu ni amana inahitaji kujibu swali: amana ya nani? Amana ina mwenyewe. Hapa wenyewe ni watatu: watu wa mahali, ambao ardhi yao ilifunguliwa, wafu, ambao makazi na makaburi yao yalivurugwa, na watakaozaliwa, ambao wamenyang'anywa nafasi ya kuchimba wenyewe. Mwanafalsafa mkavu atacheka hapa. Aliyekufa, atasema, hawezi kudhulumiwa kwa kuwa hayupo wa kuumia. Na asiyezaliwa hana haki kwa kuwa hayupo wa kudai. Naikubali nusu ya hoja yake: maiti haisikii baridi. Lakini hakuna jamii niijuayo ambayo huishi kwa nusu hiyo. Wosia hutekelezwa baada ya mwenyewe kufa, deni la marehemu hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa, na ahadi aliyopewa mtu haifi siku anapozikwa. Tanzania yenyewe ina Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969, na dola isiyoamini kwamba wafu wana stahili isingehitaji sheria hiyo. Katika Usambara jambo hili halijawahi kuwa nadharia. Matambiko kwa wazee waliotangulia yalikuwa sehemu ya namna ukoo unavyoendesha mambo yake, na afya ya nchi, mvua na mavuno, ilihusishwa na jinsi walio hai wanavyokaa na waliolala. Mwanahistoria Steven Feierman ameeleza kwa kina jinsi siasa zote za Usambara zilivyozunguka swali la nani anaiponya nchi na nani anaidhuru.

Kwa Waislamu wa Tanga, ambao wengi hufuata fikihi ya Kishafii, kufukua kaburi hakuruhusiwi ila kwa dharura. Na wanafikihi wana kanuni ambayo naiona ni moyo wa jambo hili lote: dharura hupimwa kwa kadiri yake. Mwenye njaa ya kufa anaruhusiwa kula kilichoharamishwa kiasi cha kuokoa roho, si kiasi cha kushiba. Tuseme basi, kwa ajili ya mjadala, kwamba taifa limeamua bomba, bwawa au reli ni dharura. Dharura hiyo inaruhusu nini? Inaruhusu kuondoa kilichopo njiani. Hairuhusu kukipoteza, maana kukipoteza hakusaidii bomba kupita. Mafuta hayatiririki kwa kasi zaidi kwa sababu daftari limeliwa na mchwa. Kwa hiyo hata anayekubali hoja ya maendeleo mpaka mwisho hana alipoegemea katika suala la kumbukumbu. Ruhusa yake iliishia pale kitu kilipoinuliwa kutoka ardhini, na kuanzia hapo yuko mikononi mwa hukumu za amana. Hukumu hizo zina uadilifu wake. Aliyepewa amana hatozwi ikiharibika bila uzembe wake; hutozwa akizembea, akiitumia kama yake, au akiichanganya na mali nyingine hata isitambulike. Moto uliotoka mlimani Aprili 2021 na kuunguza maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town haukuwa dhambi ya watunzaji, na milango ya kuzuia moto waliyokuwa wameiweka iliepusha hasara kubwa zaidi. Makasha yaliyopangwa chini ya bati linalovuja, na kila mtu ofisini anajua linavuja, ni jambo jingine kabisa.

Pingamizi linalosikika zaidi nchini ni la umaskini, na sitalidharau. Zahanati inakosa dawa, shule inakosa madawati, nani atajenga chumba chenye hewa baridi kwa ajili ya karatasi za vigae? Lakini pingamizi hili hudhani kwamba fedha ya kumbukumbu inatoka mfuko mmoja na fedha ya zahanati. Haitakiwi kutoka huko. Anayefungua ardhi ndiye anayesababisha gharama, naye anapaswa kuilipa yote, si mpaka siku ya kukabidhi ripoti tu. Nchi za Ulaya zilikubaliana juu ya jambo hilo katika mkataba wa Valletta wa 1992: gharama ya uokoaji iwe ndani ya bajeti ya mradi. Sisi tuna taasisi ya zamani zaidi na iliyokomaa zaidi kwa kazi hii, nayo ni wakfu. Misikiti, visima na vyuo kutoka Lamu hadi Kilwa vilitunzwa kwa minazi na nyumba ambazo mwenyewe alizifunga zisiuzwe, mapato yake yaende kwenye kazi moja hata baada ya kifo chake. Asilimia ndogo ya bajeti ya mradi wa miundombinu, ikifungwa namna hiyo siku ya kibali, ingelipa mshahara wa mtunzaji mmoja, paa, na uhamishaji wa data kila baada ya miaka michache, daima. Kinachotuponza hapa ni mpangilio wa malipo kuliko ufukara: mradi hulipa kufukua, ambako huonekana, na hauachi kitu kwa kutunza, ambako hakuonekani na hakuna mwisho.

Wengine husema tatizo limekwisha kwa kuwa sasa kila kitu ni cha kidijitali. Kisa cha Newham, mashariki mwa London, kinatosha kuwajibu. Kitengo cha akiolojia cha makumbusho ya Newham, kilichokuwa kikifanya kazi za uokoaji mbele ya ujenzi, kilifungwa mwaka 1998. Kumbukumbu zake zikapelekwa York, kwenye hifadhi ya data za akiolojia iliyoanzishwa miaka miwili kabla: diski za flopi zaidi ya 200. Baadhi zilikuwa zimeharibika, nyingine zilikuwa na mafaili ya programu ambazo hakuna aliyekuwa nazo tena, nyingine hazikuwa na maelezo ya kilichomo. Hayo yalitokea katika nchi tajiri, ndani ya miaka michache tu, bila mchwa, bila mafuriko. Karatasi iliyosahaulika kabatini miaka 50 bado inasomeka. Faili lililosahaulika kwenye kompyuta huenda lisisomeke baada ya 15. Kidijitali ni kizuri kwa kusambaza nakala, na nakala nyingi ni kinga. Kwa kutunza, kinahitaji mtu wa kukihudumia bila kukoma, jambo linaloturudisha kwenye wakfu.

Kuna pingamizi la heshima zaidi, nalo hutoka kwa wazee. Sisi tuna masimulizi, husema. Asili yetu tunaijua, hatuhitaji shimo la mtu. Ni kweli kwamba masimulizi ya Usambara ni miongoni mwa hazina kubwa za Afrika Mashariki. Kila mtoto wa mlimani amesikia habari za Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Nguu akawa baba wa ukoo wa Wakilindi. Lakini tuangalie masimulizi hayo yamefikaje kwetu katika umbo lake lililo kamili. Abdallah bin Hemedi alikuwa mwandishi wa watawala, akayasikiliza, akayaandika kwa Kiswahili. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA wakaichapa kazi hiyo, Habari za Wakilindi, kwa sehemu, kuanzia miaka ya 1890. Chapa ile ikawa adimu, mpaka J. W. T. Allen alipoitoa upya mwaka 1962. Sauti iliokolewa na maandishi, na maandishi yenyewe yaliokolewa na mtu aliyejali nakala chache. Zaidi ya hayo, masimulizi yana masafa yake. Yanatufikisha kwa Mbegha na pengine nyuma yake kidogo. Hayatufikishi kwa wafuachuma wa karne za mwanzo, ambao hawana ukoo wa kutambika kwa majina yao na hawana mwimbaji. Mbele ya tingatinga, hao ndio wasio na wakili kabisa. Daftari la mchimbaji ndilo wakili wao pekee, na mara nyingi ni wakili asiyejua lugha yao, ajabu lakini ndivyo.

Pingamizi ambalo lilinisumbua kuliko yote ni la siri. Si kila kitu kinafaa kuandikwa. Mahali pa tambiko, msitu wa makaburi, vifaa vya mganga wa mvua: kwa wenyewe, kuviweka kwenye kabati linalofunguliwa na yeyote mwenye kitambulisho cha mtafiti ni kuvidhuru mara ya pili. Historia inawapa haki ya kuogopa. Karl Braun, mtaalamu wa mimea katika kituo cha Kijerumani cha Amani kuanzia 1904, alikusanya vitu vingi vya watu wa eneo hili na kuviandikia maelezo kwa uangalifu wa kupigiwa mfano. Leo vipo Stade, Ujerumani, na wataalamu wa nchi zote mbili wameanza kuvichunguza pamoja. Maandishi yake ni mazuri na ndiyo yanayowezesha leo kuuliza nani alitoa nini na kwa hali gani. Yanaonyesha pia kwamba kumbukumbu nzuri inaweza kuishi ndani ya uhusiano usio wa haki. Jibu langu ni kutofautisha kabla na baada. Kabla ya jembe kushuka, wenye mahali wana haki ya kusema hapa pasiandikwe, bomba lipinde. Na mabomba hupinda, wahandisi wanajua. Baada ya jembe kushuka, haki ya kunyamaza inakuwa haki ya kufunga, maana kuchoma maandishi sasa kungewanyima hata wao. Amana ina kufuli, na kufuli ina mwenye ufunguo. Hifadhi inaweza kuwa na kasha lisilofunguliwa ila kwa idhini ya ukoo fulani au kwa muda uliowekwa, kama nyaraka za serikali zinavyokaa miaka 30 kabla ya kufunguliwa kwa umma.

Itaulizwa: ukoo wenyewe ukigawanyika? Katika nyumba moja ya Korogwe utamkuta Mlutheri, Mwislamu na mzee anayeshika mila, na kila mmoja ana rai yake juu ya mifupa ya babu. Sidhani kuna kanuni itakayowapatanisha, na naogopa hifadhi itakayojidai inayo. Kinachowezekana ni kwamba rai zote ziandikwe pamoja na kitu, kama maulamaa walivyoandika tofauti zao, na kasha likae limefungwa mpaka wakubaliane. Kusubiri si kuzembea. Sayansi nayo hunufaika kwa subira. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa Machi 2023, wa watu 80 wa pwani ya Waswahili na bara lake walioishi kati ya takriban 1250 na 1800, ulitumia mifupa iliyotoka katika uchimbaji wa miaka ya nyuma, na maana yake ilitegemea kujua kila mfupa ulitoka kaburi gani, mji gani, tabaka gani. Waliochimba hawakujua swali litakaloulizwa. Hawakuhitaji kulijua, walihitaji kuandika vizuri na kutunza.

Lakini kutunza pekee hakutoshi, na hapa Wakristo wa Usambara watanielewa bila maelezo marefu: katika mfano wa talanta, aliyekemewa ni yule aliyeificha ardhini ikabaki salama salimini. Hifadhi ambayo hakuna mtu wa Handeni aliyewahi kuingia ndani yake ni ardhi ile. Kwa hiyo nadai mambo ya kawaida sana, ambayo hayana gharama ya kutisha. Nakala moja ya kumbukumbu zote ikae kwenye hifadhi ya taifa, nyingine chuo kikuu, nyingine wilayani kwa kadiri ya usalama wa jengo. Sizungumzii kutupia makasha ofisi ya kata yenye unyevu kisha tuite ushirikishwaji. Muhtasari uandikwe kwa Kiswahili na mtu anayejua kuandika, usambazwe shuleni. Na majina ya maeneo yarekebishwe. Katika miradi ya mabomba na barabara, ni kawaida sehemu kutajwa kwa umbali wake kutoka mwanzo wa mradi: kilomita fulani, mita fulani. Kwa mhandisi hiyo ni anwani kamili. Kwa mtu wa Dindira anayetaka kujua kama mtaro ulipita pale bibi yake alipozaliwa, namba hiyo haimfikishi popote, na siku mradi utakapofungwa haitamfikisha mtu yeyote. Pembeni ya kila namba liandikwe jina la kijiji, la kitongoji, la mto, la kilima, kama mwenyeji alivyolitamka, pamoja na tarehe aliyolitamka na ruhusa yake kama anataka atajwe au la.